Boti moja, simu mbili, majibu mawili

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu. Nimeandika programu ya simu kwa Flutter, zana ya kuandikia Android na iPhone kwa pamoja kwa lugha ya Dart, kwa ajili ya boti za kaka zangu zinazokwenda Mokowe, Manda, Shela na Pate, ili abiria ajue boti iko wapi kabla hajatoka nyumbani. Plagini (kipande kinachoiunganisha programu na mfumo wa simu) inayochukua mahali alipo nahodha nimeiandika mwenyewe, kwa Kotlin upande wa Android na kwa Swift upande wa iPhone. Shida ni kwamba pande mbili hazikubaliani. Nahodha mwenye Android akitia nanga, ramani inaonyesha kasi 0. Mwenye iPhone inaonyesha -3.6. Boti mbili zikifika pamoja, moja inaandikwa saa 2:10 asubuhi na nyingine saa 8:10 asubuhi. Kuna boti za iPhone "zilizoonekana mwisho 21 Januari 1970". Na nahodha akikataa kutoa ruhusa ya mahali, Android inatoa ujumbe, lakini iPhone inazungusha kiduara mpaka mtu achoke. Kila nikitengeneza huku, kule kunaharibika. Je, niajiri mtu wa Swift? Niachane na iPhone? Au nianze upya?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada. Nianze na maswali yako ya mwisho: usiajiri, iPhone usiiache, na usianze upya. Nimeusoma msimbo wako. Wa Kotlin si mbaya, wala wa Swift si mbaya. Kila mmoja unasema kweli kwa lugha ya simu yake. Ulichokosa ni mahali pamoja palipoandikwa simu zote mbili zinatakiwa kusema nini. Wewe umekuwa ukihangaika kuifanya Swift ifanane na Kotlin, mstari kwa mstari, na hapo ndipo unapochokea bure. Pande hizi hazina haja ya kufanana ndani. Zinachotakiwa ni kujibu sawa zikiulizwa swali moja.

Tuishike hiyo kasi, maana yote mengine yamo humo. Kwenye Android, kitu kinachoitwa Location kina fanksheni mbili: hasSpeed, inayosema kama kasi inajulikana, na getSpeed, inayoitaja. Kama haijulikani, getSpeed hurudisha 0.0 bila haya. Kwenye iPhone, CLLocation hurudisha namba hasi, kwa kawaida -1, kwa maana ya "sijui". Pande zote mbili huhesabu mita kwa sekunde. Wewe ukazidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa, na "sijui" ya iPhone ikageuka boti inayorudi kinyumenyume.

Umeiona iPhone ndiyo mbovu. Mimi naiona Android ndiyo ya kuogopwa. Ile -3.6 imekushtua ukaniandikia. Sifuri haimshtui mtu. Boti inaweza kuwa inakimbia kutoka Mokowe, GPS ya simu haijapata kasi bado, na ramani ikasema imetia nanga. Abiria akarudi kukaa barazani, boti ikamwacha. Mwelekeo nao una ugonjwa huo huo: Android isipoujua hutoa 0.0, na sifuri kwenye dira ni kaskazini. Tazama ramani yako asubuhi, boti zikiwa zimefungwa gatini. Nina hakika kadhaa za Android zinatazama kaskazini kama zimeambizana.

Kwa hiyo dawa si kuandika upande wa Swift "kama ni hasi, weka sifuri". Nimeona umeanza kufanya hivyo, na hapo umesawazisha pande mbili kwa kuzifundisha zote kusema uongo mmoja. Sema kwamba kasi ni namba au ni null, yaani hakuna thamani, basi. Kotlin iulize hasSpeed kwanza. Swift iangalie kama ni hasi. Zote zikikosa kasi, zitume null, na skrini iandike "kasi haijulikani" au isiandike kitu.

Hiyo Januari 1970 ni rahisi zaidi. Android hutoa wakati kwa milisekunde tangu 1 Januari 1970. Wewe kwenye Swift umetumia timeIntervalSince1970, ambayo hutoa sekunde. Sekunde bilioni 1.7 na ushee ukizisoma kama milisekunde zinabaki siku 20 na masaa, na siku 20 baada ya mwaka mpya wa 1970 ndiyo hiyo tarehe 21 uliyoiona. Siku nyingine ukikutana na Januari 1970 popote, usiilaumu GPS, tafuta mahali ambapo 1000 imesahauliwa. Na ukikuta tarehe imerudi nyuma miaka 31, huyo ni ndugu yake: Apple wana hesabu nyingine ya wakati inayoanzia 1 Januari 2001, na jina la fanksheni yake linakaribia sana kufanana na hilo ulilotumia.

Ya saa 2:10 na saa 8:10 imenichekesha kidogo, unisamehe. Kwenye Kotlin ulitoa masaa sita ili watu wa Lamu wasome saa wanayoisema, na kwenye Swift ukasahau. Wazo ni zuri, kwani hapo kwenu nani anasema "saa nane asubuhi"? Kosa ni mahali ulipoliweka. Plagini kazi yake ni kuleta wakati ulivyo, namba tupu. Kuugeuza uwe saa ya Kiswahili, kutia "asubuhi" au "alasiri", hiyo ni kazi ya Dart, iandikwe mara moja, itumike na simu zote. Chochote unachoamua kwenye Kotlin utalazimika kukiamua tena kwenye Swift, na siku moja utasahau. Upande wa simu ubaki mwembamba kabisa: uulize mfumo, ugeuze jibu liwe la umbo mlilokubaliana, ulipitishe. Hesabu, maneno na maamuzi viwe Dart.

Sasa hilo umbo mlilokubaliana. Hivi sasa unatumia MethodChannel, njia ya Flutter ya kupitishia ujumbe kati ya Dart na upande wa simu, na kila data unaipa jina kwa mkono: upande mmoja umeandika "speed", upande wa pili "spd", na Dart inajaribu majina yote mawili. Hapo hakuna mkataba, kuna kubahatisha. Tumia Pigeon. Ni kifurushi cha Flutter kinachosoma faili moja ya Dart ulimoeleza data na fanksheni zako, kisha kinakuandikia chenyewe msimbo wa kupokea na kutuma kwa Dart, Kotlin na Swift. Sehemu ya faili hiyo kwako ingekuwa hivi (kijenzi nimekiacha kwa ufupi):

class Mahali {
  double latitudo;
  double longitudo;
  double? kasi; // mita kwa sekunde; null = haijulikani
  double? mwelekeo; // digrii kutoka kaskazini; null = haujulikani
  int wakati; // milisekunde tangu 1/1/1970, UTC
}

Hayo maelezo ya pembeni usiyadharau. Pigeon itahakikisha kasi ni double (namba yenye desimali), lakini haitajua kama ni mita kwa sekunde au kilomita kwa saa. Kipimo, chanzo cha hesabu na maana ya null lazima viandikwe kwa maneno ya mtu. Ukiongeza fanksheni kwenye faili hiyo na kuzalisha upya, upande uliousahau utakataa kujengwa. Bora ukasirishwe na kompyuta yako nyumbani kuliko na nahodha aliyeko Faza. Faili zilizozalishwa usiziguse kwa mkono hata mara moja, na toleo la Pigeon lifunge lisibadilike lenyewe.

Pigeon itakuondolea pia ile ajali uliyoitaja kwa kupita, kwamba Android "huanguka mara nyingine" unapotuma muda wa kusubiri. Si mara nyingine, ni kila ukituma namba ndogo. Dart ina aina moja ya int, yaani namba nzima. Ikivuka MethodChannel kwenda Android, namba inayoenea kwenye biti 32 hufika kama Integer, na isiyoenea hufika kama Long. Ulipotuma wakati kwa milisekunde, Long ilifika na msimbo wako ukafurahi. Ulipotuma 5000, ilifika Integer, na wewe ulikuwa umesema ni Long. Kwenye iPhone zote hufika kama NSNumber, ndiyo maana huko hukuona kitu. Kama bado hujahamia Pigeon, ipokee kama Number kisha uite toLong.

Nije kwenye kiduara, kwa sababu hiki ndicho kinachokupotezea watu leo. Kwenye Swift umeihifadhi ile FlutterResult, njia ya kurudishia Dart jibu, na kuijibu ndani ya fanksheni inayopokea mahali papya. Nahodha akikataa ruhusa, iPhone haileti mahali. Inaleta kosa, kwenye fanksheni nyingine, didFailWithError, ambayo hukuandika chochote ndani yake. Basi jibu halitoki, na Dart inangoja mpaka Kiyama. Kanuni ni kwamba kila wito ujibiwe, na ujibiwe mara moja tu. Kukosa kujibu huleta kiduara. Kujibu mara mbili, Android huangusha programu kwa kusema jibu limekwisha kutolewa. Fuata kila njia ya kutokea kwenye fanksheni zako, pamoja na ile ya kosa na ile ya GPS iliyozimwa, uhakikishe kila moja ina jibu. Na majina ya makosa nayo yawe kwenye mkataba. Kama Kotlin inasema "PERMISSION_DENIED" na Swift inasema "1", Dart itafanya nini?

Ruhusa zenyewe ni mahali ambapo simu hizi zinatofautiana kweli, si kwa uzembe wako. iPhone inajua kutofautisha hajaulizwa, amekataa, na amezuiwa na mipangilio ya simu. Android ukiiangalia ruhusa inakujibu mawili tu: ipo au haipo. Fanksheni ya kuuliza kama inafaa umweleze mtu sababu hurudisha "hapana" kabla hujamwuliza hata mara moja, na hurudisha "hapana" hiyo hiyo baada ya kukataa moja kwa moja. Tangu Android 11, kukataa mara mbili ndiko kukataa moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye Kotlin utaweka kumbukumbu yako mwenyewe kwamba umewahi kuuliza. Mkataba uwe na hali nne: hajaulizwa, ameruhusu, amekataa kwa sasa, amefunga mpaka aende kwenye mipangilio. Upande mmoja usipowahi kutoa hali fulani si kosa, mradi imeandikwa hivyo. iPhone haina "kwa sasa". Ukishakataliwa, hupati kuuliza tena.

Ongeza la tano pembeni: mahali kamili au pa kukisia. Tangu iOS 14 na Android 12 mtu anaweza kukupa mahali pa kukisia tu, pana kilomita kadhaa. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, basi fikiria boti iliyofungwa mjini ikionekana Shela, na hakuna aliyekosea.

Kuna jambo moja kwenye mkataba wako ambalo ningelifuta kabisa: "leta mahali kila sekunde 5". Android inalijua hilo. iPhone hailijui. CLLocationManager, kitu chake cha kuletea mahali, haina mpangilio wa muda, ina wa umbali tu, yaani niarifu nikisogea mita kadhaa. Umekuwa ukijaribu kuigiza sekunde 5 ndani ya Swift kwa saa ya kuhesabia, na ndiyo sehemu chafu kuliko zote kwenye plagini yako. Chagua kile ambacho pande zote mbili zinaweza kukitimiza, yaani mita, kisha kama unataka kupunguza wingi wa taarifa, zichuje kwenye Dart. Jihadhari tu na boti iliyosimama. Boti ya Pate inayongoja maji yajae ili ipite Mkanda haisogei, kwa hiyo haitumi kitu, na programu yako itaitangaza imepotea. Kila baada ya dakika kadhaa Dart iulize mahali pa mwisho panapojulikana na ikatume hata kama pako palepale.

Na usifiche kisichofichika. Ili kufuatilia boti simu ikiwa mfukoni, Android inataka huduma yenye arifa inayoonekana kwa mtumiaji. iPhone inataka tamko kwenye Info.plist, faili ya maelezo ya programu, na ruhusa yake. Usitafute jina moja la kuvifunika vyote. Weka mipangilio ya Android yenye jina lake na ya iPhone yenye jina lake, mtu asome ajue.

Haya siyajui kwa kusoma tu. Huku Malindi niliwahi kumwandikia mnunuzi mmoja wa samaki plagini ya printa ndogo ya risiti, ile ya kuning'iniza kiunoni. Nilianza na Android. Mkataba wangu ukasema: printa hutambulikana kwa anwani yake ya Bluetooth. Nikaihifadhi kwenye seva, printa ya mzani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kazi ikaenda vizuri mpaka karani mmoja alipokuja na iPhone. iPhone haikupi hiyo anwani. Inakupa kitambulisho inachokitunga yenyewe, na simu nyingine itatunga kingine kwa printa ile ile. Tena printa yangu ilitumia Bluetooth ya zamani, ambayo programu ya kawaida kwenye iPhone haiwezi kuzungumza nayo bila kifaa kuwa na idhini ya Apple. Nikanunua printa za aina ya nguvu ndogo kwa pesa zangu na kuandika upya. Sikuwa nimeandika mkataba wa plagini. Nilikuwa nimenakili Android nikauita mkataba. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika mstari wa Kotlin, nafungua maelezo ya mifumo yote miwili kwa pamoja na kuuliza upande ulio mgumu zaidi unaweza kuahidi nini.

Utasikia ushauri wa kugawa plagini vifurushi vitatu au vinne, kimoja cha kiolesura na kimoja kwa kila jukwaa. Ni mpango mzuri kwa plagini inayotunzwa na watu wengi, au kama kesho mtu mwingine atakuandikia upande wa wavuti. Kwako wewe, mtu mmoja, boti chache, ni kujenga ghorofa la kufugia kuku. Wengine watakwambia uandike kiini kimoja kwa Kotlin Multiplatform au kwa C. Lakini ukishahamishia maamuzi Dart, kiini chenyewe kitakuwa kimebaki na nini?

Majaribio, ndiyo, na yawe yale yale kwa pande zote mbili. Andika kwa integration_test, zana ya majaribio ya Flutter, orodha moja, uiendeshe kwenye Android na kwenye iPhone: ruhusa imekatwa, GPS imezimwa, simu imelala mezani, mahali pa kukisia. Jaribio likipita upande mmoja tu, mabadiliko hayo hayaingii, hata kama ni Ijumaa na kaka yako anapiga simu. Kama kitu bado hakijatengenezwa upande mmoja, upande huo ujibu wazi kwamba hakijatekelezwa, usirudishe orodha tupu ikaonekana kama jibu. Ndiyo maana nimekwambia usiajiri mtu wa Swift: akibadilisha Android mmoja na iPhone mwingine, kila mmoja kwa wakati wake, mtarudi palepale. Anayegusa mkataba aguse pande zote mbili, siku hiyo hiyo.

Halafu lipo jaribio ambalo kompyuta hailiwezi. Chukua Android moja na iPhone moja, zote ziandike kila taarifa kwenye faili, uziweke kwenye mkoba mmoja, upande boti kutoka Lamu hadi Mokowe na kurudi. Kaa kidogo gatini Mokowe kabla ya kurudi, maana kusimama ndiko kunakoonyesha mengi. Usitegemee namba zilingane hadi desimali ya mwisho, hazitalingana. Unachotafuta ni kasi kuwa null mahali ambapo haijulikani, wakati kwenda mbele bila kuruka, na njia mbili kupita juu ya maji, si juu ya mikoko.

Kwa wiki hii, ziba kiduara kwanza, hata kabla ya Pigeon. Ni mistari michache ndani ya didFailWithError na itawatuliza manahodha. Kesho yake 1000 ya wakati na null ya kasi. Saa ya Kiswahili ihamishie Dart siku utakayopata nafasi, ila usisahau kuifuta kwenye Kotlin, isije ikatoa masaa sita mara mbili na boti ya asubuhi ikaandikwa imefika usiku. Ukisharudi kutoka Mokowe nitumie faili zote mbili, nizitazame.